Eti Bado Mdogo, Hatakumbuka

Kuna sentensi moja nimeisikia mara nyingi mno, hapa chuoni na mtaani, na kila nikiisikia naona inatumika kama msamaha wa kila kitu. "Bado mdogo huyo, hatakumbuka." Mtoto akibadilishiwa wasichana wa kazi watatu ndani ya mwaka mmoja: hatakumbuka. Baba na mama wakirushiana maneno makali mbele yake: hatakumbuka. Na mwanafunzi mwenzetu aliyejifungua akiwa mwaka wa pili, akishauriwa ampeleke mtoto kwa bibi yake mkoani ili asije akala sapu, anaambiwa vilevile: "Afadhali umpeleke sasa hivi akiwa mdogo, hatakumbuka."

Mimi nasoma ualimu. Nataka kusema hapa kwamba sentensi hiyo ni nusu ukweli, na ile nusu nyingine ya uongo ndiyo inayotugharimu. Inawagharimu watoto, inawagharimu mama zao walioko hapa hapa kampasi, na inatugharimu sisi tunaojiandaa kuitwa walimu.

Tuanze na nusu ya kweli, maana sipendi kushinda hoja kwa kuficha. Ni kweli kwamba hakuna kati yetu anayeikumbuka siku aliyoachishwa ziwa. Niliwauliza wenzangu wanne wa chumba kimoja hosteli watafute kumbukumbu yao ya kwanza kabisa. Mmoja alikumbuka kuzaliwa kwa mdogo wake, mwingine kumwagikiwa na uji, wa tatu msiba wa babu yake, wa nne akasema hana hakika kama anakumbuka au alisimuliwa. Hakuna aliyekwenda chini ya miaka mitatu. Na ndivyo ilivyo kwa watu wazima wengi waliofanyiwa utafiti: kumbukumbu ya kwanza, kwa wastani, huangukia kwenye umri wa miaka 3 hadi 3 na nusu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sigmund Freud aliipa hali hii jina, na wanasaikolojia bado wanalitumia. Sisi tuuite tu usahaulifu wa utotoni.

Sasa, kutoka hapo watu wanaruka moja kwa moja: kama mtu mzima hakumbuki, basi hata yule mtoto mwenyewe hakuwa anakumbuka. Hapo ndipo kosa lilipo.

Utepe kwenye mguu wa mtoto

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alikuwa mama mwenye mtoto mchanga na kazi ya kitaaluma ya kuandika. Mtoto alikuwa na miezi miwili, na kama watoto wote wa umri huo, hakutaka kuachwa. Mama akachukua utepe laini, akafunga upande mmoja kwenye mguu wa mtoto na upande wa pili kwenye kichezeo kilichoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, kichezeo kinacheza. Baada ya muda mfupi mtoto aligundua siri: mimi ndiye ninayekichezesha! Akawa anarusha mguu kwa furaha, na mama akapata nafasi ya kufanya kazi zake.

Wengi wetu tungeishia hapo na kushukuru Mungu. Yeye aliona swali. Je, kesho mtoto atakumbuka? Mwaka 1969 matokeo ya kwanza yakachapishwa, na kwa miongo iliyofuata, akiwa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliifanya kamba ile ile kuwa kipimo. Kwanza unahesabu mtoto anarusha mguu mara ngapi utepe ukiwa haujaunganishwa na kichezeo. Kisha unauunganisha, anajifunza. Siku nyingine unarudi, unamwonyesha kichezeo bila kuunganisha utepe. Akirusha mguu kwa nguvu kuliko siku ile ya kwanza kabla hajajifunza, basi anakumbuka. Hana neno hata moja mdomoni, lakini mguu unamjibia.

Majibu ya mguu ni haya. Mtoto wa miezi 2 anakumbuka kwa siku moja au mbili. Wa miezi 3, kama wiki moja. Wa miezi 6, wiki mbili. Wakikua zaidi, wanapewa kazi nyingine ya kubonyeza kitu ili treni ndogo itembee, na wakifika miezi 18 wanakumbuka kwa takribani wiki 13. Hiyo ni karibu semista nzima. Sisi wenyewe tuulizane ni nani anayekumbuka maada ya wiki ya kwanza wiki ya mitihani.

Na kuna mambo mawili ndani ya utafiti huo ambayo naona ni mazito kuliko tarakimu zenyewe.

La kwanza: kumbukumbu ya mtoto imeshikamana na mahali. Watoto wa miezi 6 waliobadilishiwa kitambaa kilichozunguka kitanda walikitazama kichezeo kile kile kama hawajawahi kukiona. Kitambaa tu! Kwa mtoto huyo, chumba, watu na kitu alichojifunza ni fungu moja. Ukivuruga fungu, unamrudisha nyuma.

La pili: kinachoonekana kimesahaulika mara nyingi kipo. Watoto wa miezi 3 wakipimwa baada ya wiki mbili, wanaonekana wamesahau kabisa. Lakini ukimwonyesha mtoto kichezeo kinacheza kwa dakika chache, yeye akitazama tu, kesho yake anarusha mguu kana kwamba alijifunza jana. Kumbukumbu haikuwa imekufa. Ilihitaji kuamshwa.

Wala habari haianzii kwenye miezi miwili. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence walichapisha utafiti ambao akina mama wajawazito walisoma hadithi ile ile kwa sauti kila siku katika wiki 6 za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na mitambo, hivi kwamba namna ya kunyonya iliamua wasikie hadithi ipi. Wakanyonya kwa namna iliyowaletea hadithi waliyoisikia tumboni. Mtoto wa siku chache tu! Na mwaka 1988 Andrew Meltzoff alionyesha kwamba mtoto wa miezi 14 akimwona mtu mzima anagusa sanduku kwa paji la uso hadi linawaka taa, wengi wao wakirudishwa baada ya wiki moja wanainamisha kichwa na kuligusa hivyo hivyo, ingawa siku ile ya kwanza hawakuruhusiwa hata kulishika.

Kwa nini basi sisi hatukumbuki?

Jibu la kwanza ni kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Kuna kujua na kuna kusimulia. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi ikaondolewa pande zote mbili kwa sehemu kubwa. Tangu hapo hakuweza kutunza tukio jipya: unazungumza naye, unatoka, ukirudi anajitambulisha upya. Lakini alipofundishwa kuchora nyota akiangalia kwenye kioo, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, huku kila siku akisema hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulijua, mdomo haukujua. Mtoto mchanga si mgonjwa, lakini hilo linatusaidia kuelewa: anajua uso unaotuliza na sauti inayotisha, anajua kwamba akilia watu watakuja au hawatakuja, muda mrefu kabla hajaweza kusema "nakumbuka".

Jibu la pili ni kwamba hipokampasi yenyewe bado inajengwa katika miaka hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Sheena Josselyn na Paul Frankland pamoja na wenzao, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya. Waliona kwamba chembe mpya za neva zinapozaliwa kwa wingi kwenye hipokampasi, kama inavyotokea utotoni, zinavuruga kumbukumbu zilizokuwepo. Panya wachanga wakipunguziwa kasi hiyo, wanasahau kidogo. Ni sawa na duka ambalo fundi anapanga rafu upya kila usiku. Bidhaa zipo, lakini muuza duka hajui tena zilipo.

Jibu la tatu ndilo linalonihusu zaidi kama mwalimu mtarajiwa: maneno. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa New Zealand waliwatembelea watoto wa kati ya miaka miwili na mitatu na zaidi kidogo wakiwa na mashine ya ajabu: unaweka mwanasesere mkubwa juu, unavuta mpini, anatoka mdogo. Watoto waliipenda sana. Baada ya miezi 6 au mwaka, wakaulizwa. Kwa vitendo na kwa picha walionyesha wanaikumbuka. Lakini walipoisimulia, hata mmoja hakutumia neno ambalo hakuwa nalo siku ya tukio, ingawa sasa alikuwa na maneno mengi zaidi. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2002. Tukio lilibaki limefungiwa kwenye lugha aliyokuwa nayo siku ile.

Jamani, hapo tusimame kidogo. Kama ni hivyo, anayempa mtoto maneno ya kulielezea tukio, papo hapo na baadaye, ndiye anayempa uwezo wa kulibeba maishani. Kazi hiyo kule nyumbani nani anaifanya?

Bibi na mjukuu wake

Mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Morogoro, nikakaa kwa mama mdogo. Nyumbani pale kuna mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu na bibi yake. Kila jioni akimwogesha, bibi alikuwa na kawaida ya kumrudisha kwenye jambo lililopita.

"Mume wangu, jana tulimsindikiza nani stesheni?"

"Babu."

"Eeh, babu. Alibeba begi gani vile?"

"Jekundu."

"Jekundu, lile lenye zipu mbovu. Treni ilivyoondoka ukafanyaje?"

"Nikalia."

"Ukalia, ukasema babu arudi. Nami nikakununulia nini?"

Na mtoto anacheka, anajua ni karanga.

Bibi huyu hajawahi kusikia jina la Robyn Fivush wala Elaine Reese, lakini anachokifanya ndicho walichokitafiti kwa miaka mingi: mzazi anayeuliza swali lililo wazi, anachukua jibu la mtoto, analiongezea nyama, analirudisha. Watoto wanaozungumzishwa hivyo huja kusimulia mambo yao kwa kina zaidi kuliko wale wanaopigwa maswali ya mtihani: "Jana ulikwenda wapi? Sema! Umesahau?" Na kuna jambo la New Zealand tena. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliolinganisha kumbukumbu za kwanza za watu wazima wa jamii mbalimbali kule. Wamaori, watu wenye utamaduni mzito wa kusimulia yaliyopita, walikuwa na kumbukumbu za mapema kuliko wengine, kwa wastani kabla hawajafikisha miaka 3. Wenye asili ya Ulaya walikuwa kwenye miaka 3 na nusu hivi. Kwa hiyo hata mpaka wa usahaulifu si ukuta. Namna tunavyoongea na watoto inausogeza.

Najua kuna atakayesema: sisi tumelelewa bila hipokampasi wala New Zealand, na tumefika chuo kikuu. Sawa. Lakini wengi wetu tulilelewa na nani? Na bibi, na shangazi, na dada wakubwa, na jirani anayemkumbusha mtoto alivyokimbizwa na bata. Leo nyumba nyingi za mjini zina mtoto, dada wa kazi wa miaka kumi na saba mwenye kazi zingine kumi, na katuni kwenye runinga kuanzia asubuhi. Rachel Barr na Hayne walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu wanakumbuka na kuiga kidogo sana kutoka kwenye video wakilinganishwa na wanaoonyeshwa jambo lile lile na mtu aliye mbele yao. Katuni haimuulizi mtoto begi lilikuwa la rangi gani.

Sisi tunaojiita walimu

Katika kozi ninayosoma, makuzi ya mtoto kabla ya miaka mitatu yalipita ndani ya mhadhara mmoja, Piaget akatajwa, tukasonga mbele. Mtaala wetu wa vitendo unaanza pale mtoto anapovaa sare. Lakini nchi yenyewe imeshasema vingine. Tangu Desemba 2021 Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile wanayoiita PJT-MMMAM, na inamhesabu mtoto tangu miaka 0 hadi 8. Sasa walimu wa kuitekeleza hiyo sifuri hadi tatu watatoka wapi, kama sisi tunahitimu hatujui hata mtoto wa miezi sita anakumbuka wiki mbili?

Na vituo vya kulelea watoto mchana vinaongezeka kila mtaa. Wengi wanaofanya kazi humo hawajafundishwa, wanalipwa kidogo, wanaondoka haraka. Mtoto anazoea mikono, mikono inabadilika. Tunasema hatakumbuka. Kumbe kilichobadilishwa ni lile fungu zima alilokuwa amejifunzia. Hata usingizi wa mchana, ambao kwenye baadhi ya vituo ni njia ya kupunguza kelele tu, una kazi yake. Mwaka 2015 Sabine Seehagen na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 na 12 waliolala angalau nusu saa ndani ya saa nne baada ya kuonyeshwa jambo jipya walilikumbuka, na ambao hawakulala hawakulikumbuka. Kulala kwa mtoto ni kudurusu.

Mwanafunzi mwenye mtoto

Nirudi kwa wenzetu. Nimeshaona jinsi hoja kama yangu inavyoweza kugeuzwa fimbo ya kumchapia mama: "Unaona? Umemwacha mtoto, ataumia." Sisemi hivyo. Mama wa mwaka wa pili anayempeleka mtoto kwa bibi hajafanya dhambi. Anafanya hesabu ngumu, kwa bumu lisilotosha hata mtu mmoja, katika hosteli isiyoruhusu mtoto, huku asilimia ya mahudhurio ikihesabiwa. Na tumeona kwamba bibi anayesimulia ni hazina.

Ninachosema ni kwamba utafiti ule ule unampa tumaini na unatupa sisi wajibu. Kichezeo si mama, na sitaki kuchukua siku za kichezeo nikazifanya siku za mama. Lakini somo la kuamsha linaeleweka: vikumbusho vifupi vinavyorudiwa vina nguvu kuliko ujio mmoja mrefu kwa mwaka. Mama anayeweza kumwona mtoto kila wikiendi yuko mahali tofauti na anayemwacha Oktoba akamwona Machi. Sasa ni nani anayeamua kama atamwona kila wikiendi au la? Kwa sehemu kubwa ni ratiba, ni nauli, na ni chuo kutokuwa na mahali pa kumweka mtoto kwa saa mbili za mhadhara.

Mwajiriwa ana sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Hata hizo ni chache, zinaisha mtoto akiwa anakumbuka kwa wiki moja. Mwanafunzi hana hata hizo. Ana huruma ya mhadhiri, ikiwepo. Asipokuwa na bahati, anaahirisha mwaka, na tunajua wangapi wakiahirisha hawarudi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Kwanza, chumba kimoja. Kampasi yetu ina vyumba vinavyofungwa kuanzia saa nane mchana, vina feni na viti vibovu. Kimoja kisafishwe, kiwekwe mikeka, maji safi na kufuli, mama anyonyeshee hapo, mtoto alale hapo.

Pili, wanafunzi wa elimu tuwekwe zamu humo, na zamu hiyo ihesabiwe kama sehemu ya mazoezi. Watu wale wale kwa muhula mzima, si sura mpya kila siku, kwa sababu tumeona mahali na watu vinavyoshikamana na anachojua mtoto. Tutajifunza kwa miezi minne zaidi ya tunavyojifunza kwenye slaidi.

Tatu, makuzi ya miaka 0 hadi 3 yapewe somo lake kwenye kozi zote za ualimu, hata kwa wanaokwenda kufundisha fizikia kidato cha nne. Mwanafunzi wa kidato cha nne hakuanzia kidato cha kwanza.

Uongozi wa serikali yetu ya wanafunzi kila mwaka unaahidi intaneti ya kasi na chakula cha bei nafuu, na kila mwaka tunawapigia kura. Baraza likikaa semista hii, mwakilishi wa kitivo chetu na asimame aulize swali fupi: chumba cha watoto kitafunguliwa lini, na funguo atashika nani? Akijibiwa kwamba watoto hao bado wadogo, sasa ana cha kuwajibu.